Kifungo cha Baba

Juzi, nikitoka shule, niliwaona wafungwa wakifyeka majani barabarani. Mashati yao hayakuwa na kifungo hata kimoja, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilipokuwa mdogo, hapahapa Mtoni, alasiri moja mjomba alirudi kutoka kwa hakimu Mzungu. Mama alikuwa akikaanga samaki.

"Dada, shemeji kapewa kifungo."

Mama aliacha samaki waungue. Mie nikashangaa: kifungo tu, ndio alie?

"Kikubwa?" nikauliza.

"Kikubwa, mjomba," akanijibu.

Basi nikachukua mkaa, nikamchora baba ukutani, na kifungo kifuani kikubwa kama sahani. Nikawaita watoto wa jirani waje waone. Hakuja hata mmoja. Mama zao walishawakataza kucheza na mtoto wa mfungwa. Nikakaa na baba yangu wa mkaa, uani kunanuka samaki walioungua.

Mpaka leo baba hajarudi. Kila Idi mama hupaka ukuta chokaa, lakini baba humzunguka kwa brashi, hamgusi.

Juzi hiyo nilipofika nyumbani, nilikifuta kile kifungo kwa kitambaa. Mama alirudi kutoka sokoni, akasimama.

"Nani kamfungua baba'ako?"

"Mie, mama."

"Haya. Mwite aje ale."