Wimbo Nilioukata Kabla Haujaisha

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa kule Arua na shule yangu ikaishia hapo. Darasa la tatu. Nasema mapema ili asije mtu akadai nimesoma hadithi mahali nikaifanya yangu. Mimi sisomi vitabu. Haya yalinipata mimi, hapa Juba, mchana wa jua kali, na kama huamini, njoo mtaa wa Hai Cinema nikuonyeshe kijiko.

Kazi yangu ni spika. Nazitengeneza, nazikodisha kwa harusi. Hakuna aliyenifundisha. Naweka sikio la kushoto karibu na spika, kiganja juu yake, najua ni waya gani umelegea. Sikio hilo ndilo lililonilisha, likaniozesha mke, likanijengea nyumba.

Sasa kuna hawa vijana wanaotengeneza muziki kwa kompyuta. Hakuna gita, hakuna ngoma, ni kidole tu. Kila Jumamosi wanapanga foleni kibandani kwangu na flashi zao, tupige midundo yao kwenye spika kubwa, halafu mimi niseme. Maana mdundo nisioukubali haupigwi harusini. Na mimi sikuwa mtu wa kubembeleza. Nasikiliza nusu dakika, nachomoa flashi, nasema, "Futa." Kalas, imeisha. Hakuna wimbo wa kijana yeyote niliowahi kuusikiliza mpaka mwisho, na nilijisifu kwa hilo.

Siku hiyo kijana mmoja aliyekulia Kenya alinibishia. "Buda, si ungengoja? Utamu unakuja dakika ya tatu!"

"Kama utamu iko dakika ya tatu, anza wimbo dakika ya tatu. Anayefuata!"

Wenzake wakamcheka. Akaondoka macho mekundu. Nilifurahi? Ndiyo, nilifurahi. Sidanganyi.

Aliyefuata alikuwa mwanamume wa makamo. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na hatoki jasho. Juba, saa saba mchana, hatoki jasho! Viatu havina hata chembe ya vumbi. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redio, Kiswahili ambacho hapa kwetu hakuna anayekiongea: "Mzee wangu, naomba maoni yako. Lakini usikilize mpaka mwisho."

"Hapa mimi ndiyo inaamua mwisho," nikamjibu.

"Nimesikia hivyo," akasema. Hakutabasamu.

Flashi yake ilikuwa baridi kama imetoka kwenye friji. Nikaichomeka, nikainamisha sikio. Kwanza kimya, halafu kling, kling, kling. Kijiko kwenye glasi. Nikamtazama Mama Keji, anayeuza chai mbele ya kibanda changu. Alikuwa anakoroga sukari kama kawaida, mkono unazunguka, glasi inatikisika, na mlio hakuna. Mlio wake ulikuwa ndani ya wimbo.

Unadhani ni joto? Mimi pia nilidhani. Kisha pikipiki zikaingia kwenye wimbo, honi na injini, na barabara ikanyamaza huku zinapita. Kisha jenereta yangu. Naiona inatetemeka, inatoa moshi, haisemi. Nikaizima kwa mkono huu. Mungu ni shahidi, taa za mashine zikafa zote, na wimbo ukaendelea.

Nikafungua mdomo nimtukane. Sauti haikutoka kinywani. Ilitoka kwenye spika: "Futa! Takataka! Futa!" Sauti yangu mwenyewe, imekatwakatwa na kupangwa juu ya mdundo, maneno yote niliyowatupia vijana miaka yote hiyo. Na niamini, wimbo ulikuwa mzuri. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Haya, mzee wangu," akasema yule mtu, na sauti yake ndiyo pekee iliyobaki nje. "Toa maoni."

Nilipiga magoti? Mimi? Hapana. Nilikaa kwenye stuli, nikasikiliza. Wimbo ukafika mahali ukageuka, ukaanza kurudisha ulichochukua. Kwanza sauti yangu. Nikakohoa, nikaisikia kooni. Mlio wa jenereta ukatoka kwenye wimbo ukarudi nje, ingawa jenereta yenyewe nilikuwa nimeizima. Pikipiki zikaanza kulia barabarani, moja moja. Kilibaki kijiko tu. Sekunde chache. Mtu mwenye akili angengoja.

Lakini nilikuwa nimepata mdomo wangu, na vijana walikuwa wananitazama. Nikachomoa flashi. "Futa!"

Akanitazama bila hasira. Afadhali angekasirika. "Kilichobaki ndani kitabaki ndani," akasema, akapita nyuma ya spika kubwa. Upande wa pili hakutokea.

Mama Keji akaja, akasimama kushoto kwangu. Midomo yake inacheza, mimi sisikii kitu. Akazunguka kulia. "Mzee, wewe iko mgonjwa? Mimi naita wewe mara tatu! Unafungua mdomo kama samaki, halafu unatukana kiti. Pale mafi mtu!"

Hakuna mtu, anasema. Vijana nao wakasema hivyo hivyo, na flashi ilikuwa bado mkononi mwangu, inaniuma kwa baridi. Nikamwambia agonge glasi kwa kijiko. Akagonga. Kimya. Akagonga tena kwa nguvu mpaka glasi ikapasuka, na haikulia. Akakitupa kijiko mezani kwangu, hajakigusa tena mpaka leo.

Madaktari wawili wamechungulia sikio langu la kushoto. Wanasema ni zima. Ni zima wapi? Halisikii mtu, halisikii spika. Ndani yake kuna kijiko kinagonga glasi, usiku na mchana, kling, kling, kinangoja wimbo uishe. Nimeichomeka ile flashi mara nyingi ili niumalizie. Haina kitu.

Kwa hiyo wewe unayepewa kazi ya mtu uisikilize, sikiliza mpaka iishe. Sikwambii usifu. Mimi bado nasema "Futa," maana mdundo mbaya ni mbaya, na wanaolia walie. Lakini nasema baada ya mwisho. Hujui nani amesimama kwenye foleni, na hujui kilichomo mle ndani ni cha nani.

Leo nina kibanda Hai Cinema, jenereta mbili, spika kumi na nne, nyumba ya matofali mtaa wa Sherikat, mke, mbuzi sita, sikio moja, kijiko kisicholia, na flashi ambayo bado ni baridi.