Mashetani Hawakuniambia Pole

Mkono wangu wa kulia ulilala msimu wa kupanda karanga. Niliamka asubuhi nikataka kujifunga kanga, kanga ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Jirani ndiye aliyeona mdomo umekwenda upande. Wakanipeleka hospitali ya Kitete, nikalazwa, nikarudi nyumbani natembea kwa fimbo. Mdomo ulirudi mahali pake, lakini mkono ukabaki kama wa mtu mwingine aliyeniazima.

Majina ya wote waliokuja kunijulia hali ninayo kichwani, hadi ya watoto waliobebwa mgongoni. Siyaandiki, kwa sababu wenyewe wapo na hawakuniomba niwaandike. Ila neno walilokuja nalo lilikuwa moja. Pole bibi, pole mama, pole dada. Mwanzoni pole ni dawa. Ukipewa kila siku inakuwa ugonjwa wa pili.

Mwanangu wa kiume anaishi Dar es Salaam. Alipiga simu akasema mpango ni huu: akija baada ya mavuno, akikuta bado siwezi kujisongea ugali mwenyewe, tunafunga nyumba nahamia kwake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyekwisha kukubaliana na mke wake. Nikamjibu sawa, maana kwenye simu hakugombaniwi. Lakini moyoni nikasema, hapa Tabora ndipo nilipomzika mume wangu, kuta za nyumba hii nimezikandika mwenyewe, sitoki. Basi kazi ikawa moja tu: mkono ushike mwiko.

Hospitali walinipa mpira mdogo wa kuminya. Minya, achia, minya, achia. Mpira ule ulinichosha kuliko jembe. Jembe ukilipiga, ardhi inafunguka. Mpira ukiuminya unarudi vilevile, unakutazama. Nikawa nauficha chini ya mto.

Ninayeishi naye ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu, mwanamke aliyekomaa mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na stesheni. Kwa utani wetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, kwa kuwa babu ni mume wetu sote, hivyo hunitania atakavyo nami namrudishia. Jioni akirudi alikuwa anajifungia chumbani kwake na televisheni, anacheza gemu. Mimi nilisikia milio ya panga tu. Siku moja nikachungulia. Nikamwona mwanamke mrefu, koti jekundu linaburuza, ana upanga unaomzidi urefu, anakata mashetani. Damu inaruka, lakini inaruka kama maua ya mkrismasi yanapopukutika. Naye hatazami nyuma. Anajizungusha, anautupa upanga juu, kabla haujashuka amekwisha kumpiga mwingine kwa kisigino.

"Mke mwenza, toka hapo," mjukuu akaniambia. "Hii imeandikwa ni ya watu wazima."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Wewe umepitiliza."

Nikakaa kitandani kwake. Nikamwomba kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, wenyewe wanakiita pedi. Alicheka, kisha akaona sicheki.

Nilikufa. Nilikufa tena kabla sijajua mimi ni yupi kati ya wale wanaoonekana. Vidole vyangu viliangukia vitufe kama viazi vinavyomwagwa kutoka kwenye gunia. Lakini likatokea jambo ambalo mpira haukuwahi kunifanyia: nilikasirika. Shetani mmoja mwenye pembe na nyundo alinipiga nikiwa chini. Hakujali umri wangu, hakujali fimbo yangu iliyoegemea ukuta. Hakuniambia pole. Alitaka nife, na mimi nikataka afe yeye. Tangu nitoke hospitali hakuna kiumbe aliyenichukulia kama mtu anayeweza kumdhuru.

Kesho yake nilimsubiri mjukuu mlangoni.

Kosa langu lilikuwa kubonyeza ovyo, haraka haraka, kama anayefukuza kuku kwenye mtama. Mashine ile ina tabia yake: haitoshi kuua, inataka uue kwa madoido. Ukiua vibaya inakuandikia pembeni herufi ya aibu. Ukiua kwa mpangilio, herufi inapanda. Mimi niliishia darasa la nne, herufi za aibu nazifahamu. Mjukuu akasema nimwache adui apandishe silaha, ashushe, nikwepe, ndipo nipige. Alirudia sana, sielewi, mpaka nilipoona mwenyewe kwamba kumbe huku ni kutwanga. Sisi tulitwanga wawili, hata watatu, kwenye kinu kimoja. Mchi wa mwenzako ukipanda, wako unashuka, na wimbo juu yake. Ukiwa na pupa, michi inagongana na vidole vinaumia. Basi yule mwenye nyundo nikamfanya mtwangaji mwenzangu. Nikaanza kuimba wimbo wetu wa kinuni, kwa Kinyamwezi, polepole. Akipandisha, nasubiri. Akishusha, niko pembeni. Herufi ikapanda.

Wapo walioniuliza, wewe mama wa kanisa, unafurahia nini kwenye kuua? Najibu ninavyojua. Babu mzaa baba alibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani enzi za misafara. Alisimulia kwamba mbele alitangulia kirangozi, yule mwongoza njia, manyoya kichwani na njuga miguuni, anacheza huku naye amebeba. Manyoya hayapunguzi mzigo. Lakini babu alisema msafara usio na manyoya mbele ni kundi la watu waliochoka tu. Gemu ile bila lile koti na ile miruko ingekuwa bucha, nisingeitazama. Kwa lile koti, ni mtu anayekataa kuelemewa. Na nisidanganye, kukata kwenyewe kunapendeza. Pigo likifika mahali pake kuna raha, mwanamke yeyote aliyepasua kuni anaijua. Watoto wa jirani niliwafungia mlango. Raha ile inamfaa aliyekwisha kujua uchungu.

Siku moja jumuiya yetu ilikuja kusali kwangu, nami nimesahau kuwa ni zamu yangu. Wakapiga hodi, mjukuu akafungua, wakanikuta namenyana na yule mwenye pembe. Mwenyekiti wetu hana subira. Alichomoa chupa ya maji ya baraka kwenye mkoba akainyunyizia televisheni. Papo hapo shetani akaanguka.

"Mmeona?" akawaambia wenzake.

"Mwenyekiti, nimempiga mimi."

"Mimi ndiye niliyemlegeza."

Mjukuu alikimbia na kitambaa kufuta kioo. Tukasali rozari, wengine wakaondoka, mwenyekiti akabaki nyuma akaniuliza taratibu kama yule mwanamke wa koti ni Mkristo. Nikamwambia sijui, ila sijamwona akikimbia.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda, asubuhi mwiko kwenye sufuria tupu, jioni pedi. Kidole gumba kilitangulia kurudi, vingine vikafuata kwa uvivu. Kile kidogo mpaka leo hakijaamua.

Mavuno yakaisha, mwanangu akaja. Aliniamkia, nikaitika, akaushika mkono wangu akaugeuza geuza kama anayekagua mbuzi mnadani. Nikamwambia akae. Nikawasha mkaa, nikakaa kwenye kigoda. Kushoto nilishika sufuria kwa kitambaa, kulia mwiko. Uji ulikwenda vizuri. Unga ulipozidi ndipo vita vilipoanza. Mwiko ulitaka kuniponyoka. Mjukuu akainuka, nikamtazama, akakaa.

"Mama, basi. Nimeona," mwanangu akasema.

"Bado hujaona."

Niliuacha mkono upumue, nikaurudisha. Nikageuza, nikakandamiza, nikageuza, jasho linaingia machoni. Nikapakua.

Alimega, akakuta donge la unga, akalinyanyua. Akaniuliza hili nini. Nikamwambia ni ugali wa kwangu, ale. Akacheka kidogo, kisha akaacha, akasema anachoogopa ni siku nitakayoanguka peke yangu hapa jikoni. Hilo ni kweli na sikulibishia. Mimi pia naliogopa.

"Nikianguka, nitakuwa nimeanguka kwangu," nikamwambia. "Kwako nitakaa vizuri, lakini nitakuwa nasubiri tu. Sitaki kusubiri."

Alikula akamaliza, akaomba ukoko, akaukwangua mwenyewe.

Siku ya kuondoka, begi kubwa alilokuja nalo kwa ajili ya nguo zangu tulilijaza karanga, asali na matobolwa, vile viazi vitamu tunavyochemsha na kuanika, mpaka zipu ikagoma. Akasema mwakani atakuja tena kuangalia hali.

"Njoo na njaa," nikamwambia.