Mstari wa Kalamu Mguuni kwa Bibi

Sijasema maji ya udhu yana najisi, Bibi. Nimesema yana bakteria.

Ndivyo nilivyomjibu leo, na sauti ikanipanda, wakati yeye ndiye mama yake baba yangu. Alikuwa uani kwenye kigoda, bendeji kaifungua tena, anajimwagia maji ya kisima kwa kata kwenye mguu wenye kidonda. Kidonda hicho kiko juu ya kifundo, mwaka wa pili huu hakifungi.

Kila swala anafungua. Mara tano kwa siku. Akimaliza anafungia bendeji ileile, imelowa. Nimemweleza hadi nimechoka kwamba kidonda cha siku nyingi ni mlango wazi, vijidudu vikiingia vinapanda mpaka kwenye damu. Anacheka tu. "Mke mwenzangu, wewe umesoma fomu foo, mie nimesoma Juzuu Amma. Nani kasoma?"

Juzi nesi wa zahanati alichora mstari wa kalamu kuzunguka pale palipovimba, chini kidogo ya kovu lake la zamani. Akaninong'oneza mimi: uvimbe ukivuka hapa, msisubiri, mpelekeni hospitali ya wilaya, mkichelewa atakatwa mguu au mtampoteza kabisa.

Leo alasiri nimeinama kuutazama mstari. Haupo. Udhu umeufuta.

Nikabaki kupapasa kwa kiganja, natafuta joto linaishia wapi. Limefika kwenye kovu. Limelipita. Nikalia palepale, kata iko miguuni pangu.

Nikamwambia twende sasa hivi. Hataki. Anasema watamlaza, watamfunga mguu, watamkataza maji, na yeye bila udhu hana swala. Nikampigia baba, yuko Kiwangwa kwenye mananasi. Eti nisimlazimishe mama yake. Nikamwambia Bibi tulichofundishwa kwenye somo la dini: mwenye bendeji anapitisha mkono wenye maji juu yake, inatosha. Hapo ndipo alipokasirika kweli.

"Nimekuogesha mimi, leo unifundishe kutia udhu?"

Kwake mimi ni mtoto, hata ningesoma mpaka chuo kikuu.

Anayemwamini ni mmoja, yule mama mwalimu wa madrasa, rafiki yake tangu usichana. Nimekimbia kwake, nimekuta mlango umefungwa. Kaenda mazikoni Vigwaza, jirani anasema atarudi leo usiku wa manane.

Basi kesho, kabla Bibi hajateka maji ya alfajiri, niko mlangoni kwa mwalimu. Aje amwambie yeye kwa mdomo wake kwamba udhu wa kupitisha maji juu ya bendeji unaswihi. Mwenye bajaji nimeshamwambia, saa kumi na mbili awe nje kwetu. Bibi akikubali, sawa. Akikataa, nitambeba mgongoni, na matusi yake nitayasikiliza njiani.