Fomu ya Nyuzilandi

Kwetu Likasi mtu akisema anaenda likizo, maana yake anaenda Kapolowe kwa bibi, anakula mahindi mabichi wiki mbili, anarudi na kuku aliyefungwa miguu. Likizo ikiwa kubwa sana, Lubumbashi. Kwa hiyo siku mama mdogo alipopiga simu ya video akatuambia tujiandae, likizo kubwa inayokuja tunaenda kwake Nyuzilandi, sote wanne, mwezi mzima, na tiketi ni juu yake na mume wake, baba aliishika simu, akaigeuza, akaangalia mgongo wake. Sijui alitegemea kuona nini huko nyuma.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, tumbo moja. Aliondoka mimi bado natambaa. Nchi yake ni visiwa, iko chini kabisa ya dunia, na kwenye ramani ya darasa letu haipo, kwa sababu kona ile ililiwa na panya. Nilipowatangazia wenzangu kwamba naenda Nyuzilandi, mwalimu wa jiografia aliniita mbele nionyeshe. Nikaweka kidole kwenye tundu. Nilipewa sifuri, lakini darasa lilicheka mpaka kengele.

Nyumbani nilijiteua waziri wa safari. Hakuna aliyepinga, maana mimi peke yangu ndiye ninayejua Kiingereza kidogo. Nilipasua kartoni la sabuni, nikaandika programu yote, nikaibandika ukutani, nikaisoma kwa sauti ya redio.

"Wiki ya kwanza, maziwa na milima ya theluji. Wiki ya pili, mahali ambapo matope yanachemka yenyewe kutoka ardhini, na watu wanalipa kiingilio wayatazame."

"Matope yenye kuchemka?" baba akasema. Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. "Ile minye naangalia kila siku, na beye njo banalipa minye." Yaani yeye analipwa kuyatazama.

Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka tisa na ulimi wa miaka arobaini, aliuliza kama ni kweli kule kondoo ni wengi kuliko watu.

"Kweli."

"Basi weye hautapata shida. Utakuta ndugu zako."

Kila Jumapili mama mdogo alikuja na amri mpya. Unga wa bukari, ugali wetu, tusibebe, atapika yeye. Samaki wa chumvi tusithubutu. Na viatu tuvisugue mpaka chini, kwa sababu pale uwanja wa ndege kuna mtu kazi yake ni kugeuza viatu vya wageni. Udongo wa nje hauingii.

"Ata udongo unaomba viza?" baba akauliza.

Tulicheka. Mama hakucheka. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na aliuliza bila kuinua kichwa: "Na nyumba itabakia na nani?"

Baba akasema jirani atakuja kulala. Mama akasema jirani hajui. Hajui nini, hakuna aliyemuuliza.

Nina yaya. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, na huyu wangu, wa kiume, ananizidi miaka minne. Aliacha shule akaenda kuchimba na wenzake kwenye mashimo ya nje ya mji, wale wanaoingia bila ruhusa na kutoka na mfuko wa mawe mgongoni. Baba alimwambia, sisi wote tukiwa mezani, asikanyage tena nyumba hii mpaka aache mashimo. Yaya akamaliza bukari yake, akanawa, akatoka. Wiki ya tatu shimo moja likaanguka. Walitoa watu kadhaa, yeye hakuwemo. Mwenzake mmoja alisema alikuwa chini. Mwingine akasema hapana, asubuhi ile alimwona akipanda lori la kwenda mpakani. Sasa ni miaka miwili. Hakuna mwili, hakuna simu, na matanga hayakufanyika, kwa sababu mama alikataa kumlilia mtu aliyepanda lori.

Kwa hiyo tunaishi naye. Mlango wa uani haufungwi mchana kutwa. Sahani yake inapakuliwa, inafunikwa, na mimi na mdogo wangu tunaila ikiwa baridi bila kutazamana. Kitanda chake kiko karibu na changu. Mama hubadilisha shuka langu na lake kila Jumamosi, na naapa kuna Jumamosi lake linakuwa limekunjamana. Mimi husema ni paka. Hatuna paka.

Halafu kuna kubisha. Yaya hakuwa akibisha mlangoni kama binadamu. Alikuwa akipita kwenye dirisha la chumba cha mama, lenye kifuniko cha bati, akigonga mara mbili polepole, kisha akikwaruza kwa kucha. Mama alikuwa akijibu kutoka ndani, "Ingia, panya." Hakuna mwingine aliyegonga hivyo.

Ila mimi. Mara moja.

Ilikuwa miezi mitano baada ya lile shimo, Jumapili, saa sita mchana, jua limesimama juu ya mji kama halina pa kwenda. Nilikuwa nimetoka misa kabla ya wengine. Nyumba ilikuwa imekaa kimya miezi mitano, na mimi kimya kinanipa upele. Nilijua mdogo wangu amejilaza chumbani kwa mama, nikataka ashtuke, aruke. Ndiyo yote. Nikasogea dirishani, nikagonga mara mbili, nikakwaruza.

Nikasikia sufuria ikianguka. Sikujua kwamba mama naye amerudi. Alitoka bila viatu, kitenge kimefunguka upande mmoja, anasema, "Umekuya! Umekuya!" Alizunguka nyumba, akakimbia mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nyuma ya choo na kicheko tayari kooni, na kikakwama pale pale. Wakati ule baba alikuwa anafika, anaongea na jirani kwa ile sauti yake ya kiwandani. Mama alipoisikia alisimama. Aliporudi uani alikuwa anatabasamu.

"Amekuya," alimwambia mdogo wangu. "Amesikia sauti ya baba yake, njo amekimbia. Lakini amekuya."

Ningeweza kusema pale. Nilienda kunawa mikono.

Tangu siku ile mama alipona. Alianza kula, akarudi kwenye meza yake ya nyanya pale soko la Kikula, akaimba. Wewe ungemwambia? Kwa baba tu ndiyo alibaki na maneno matatu: maji, chakula, sabuni. Na mimi nikaanza kusikia. Nikiwa kwenye hesabu, nikiwa naoga, bati linagonga, natoka, hakuna mtu. Nikajiambia ni jua, bati likipata joto linalia. Hivyo ndivyo nilivyomaliza mwaka na nusu, mtu wa kuchekesha watu anayeogopa dirisha la mama yake.

Jumamosi moja alasiri tukakaa mezani kujaza fomu ya viza. Mimi nilishika simu, nasoma Kiingereza, natafsiri. Majina, kazi, unakwenda kwa nani, utarudi lini. Jina la baba nilitaka kuandika "Waziri Mkuu", akanipiga kisogoni kwa kidole. Hali ilikuwa nzuri. Kisha ukafika ukurasa wa watoto. Andika watoto wako wote, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja weka alama: yuko hai, au amekufa. Visanduku viwili. Nilivuta ukurasa chini kutafuta cha tatu.

"Andika batatu," baba akasema taratibu. "Babili bazima."

"Batatu bazima," mama akasema.

"Mama batoto..."

"Batatu bazima. Ao mukwende benyewe, minye nitabakia. Alikuya mara moja, atakuya tena. Akute mulango na kufuli?"

Baba alitazama mikono yake juu ya meza. Kuna sentensi moja aliyoisema kwenye meza ile ile, na nadhani huwa anaisikia kama mimi ninavyosikia bati. Aliinuka, akaenda kusimama kwenye geti, mgongo wake kwetu.

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kioo cha simu. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu, anatafuna karanga. Na bati la dirisha likagonga. Mara mbili, polepole. Kisha kucha.

Mama aliinua kichwa. Mimi nikainua kichwa. Mdogo wangu aliendelea kutafuna.

Nilitoka mbio nikazunguka nyumba yote. Hakukuwa na mtu, hakukuwa hata na kuku, na hakuna jani lililokuwa linatikisika. Baba alikuwa palepale getini. Nilirudi nikakaa.

"Umesikia," mama akasema. Hakuwa anauliza. "Unaona? Njo yeye. Andika muzima."

Nikamwona atakavyokuwa: sisi watatu angani, yeye hapa, kiti kimeelekea dirisha, mwezi wote. Na sisi tukirudi, bado pale. Mdogo wake hajamshika mkono miaka kumi na tano. Na aliyemfunga kwenye kile kiti nilikuwa mimi.

"Mama, ile ya kwanza ilikuwa minye."

"Ile gani?"

"Ile ya Jumapili. Minye njo nilipiga. Nilikuwa nyuma ya choo. Ilikuwa muchezo."

Akangoja nicheke. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtu wa mzaha, watu wanakungoja ucheke. Sikucheka. Mdogo wangu aliacha kutafuna. Niliweka shavu tayari kwa kofi, na kofi halikuja.

"Na sasa hivi?" mama akauliza.

"Sasa hivi nilikuwa hapa mbele yako."

Alitazama ile sahani ya yaya iliyofunikwa.

"Basi yeye mwenyewe amepiga mara moja tu. Leo."

"Ndiyo, mama."

"Na hakuingia."

"Hakuingia."

"Mulango iko wazi. Baba yake amenyamaza, iko kule, hajasema neno. Bukari iko pale." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayepanga vitu kwenye sanduku. "Muntu muzima mwenye njaa angeingia."

Akainuka, akaenda getini kwa baba. Sikusikia walichosema. Niliona tu baba akiweka mkono ukutani, na mama akiweka wake juu ya mgongo wake, mahali ambapo haukuwa umewekwa siku nyingi.

Aliporudi nilimuuliza, niweke alama?

"Bado. Tutaambiaka namna gani bazungu wa Nyuzilandi mbele ya kuambia bibi yenu ya Kapolowe? Kwanza tulie hapa."

Matanga yalifanyika wiki iliyofuata, bila jeneza. Palikuwa na turubai, viti vya kukodi, sufuria za sombe, na picha ya yaya ya shule ya msingi, kwa sababu hatukuwa na nyingine ambayo anatabasamu. Nilinyolewa kichwa, nikakalishwa kwenye mkeka pamoja na wafiwa.

Siku ya pili wakaja watani wa ukoo wa baba. Kazi yao msibani ni kumwigiza marehemu na kutukana kila mtu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kitambi, alijitwika gunia la makaa, akaingia uani anayumba kama yaya anayetoka shimoni. "Nipeni bukari! Nimetoka chini, huko hawajui kupika!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Lakini alikosea. Alimtembeza yaya akichechemea, na yaya hakuchechemea, aliburuta kisigino cha kulia na kutazama juu, kama anasoma kitu mawinguni. Mimi ningeweza kuwaonyesha. Hakuna mtu Likasi nzima anayemweza yaya kama mimi. Nikaanza kuinuka.

Bibi wa Kapolowe alinishika goti.

"Ikaa. Leo weye iko mwenye kilio."

Nikakaa. Yule mtani alienda mpaka mbele ya mama, akamwomba nyama, akasema mchanga umejaa mdomoni, amletee maji. Mama alimtazama yule mzee na kitambi chake, akacheka. Alicheka kweli, mdomo wote wazi, na kabla kicheko hakijaisha kikawa kitu kingine, na wanawake wote wakamfuata, na baba, ambaye sijawahi kumsikia akilia, akafuata.

Jumatatu iliyofuata mama alikaa karibu nami na simu. Sikutegemea aniamini tena, na hakuniamini. Alinifanya nisome kila kisanduku kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Halafu akampigia mama mdogo simu ya video kwa simu ya jirani, akaielekeza kwenye fomu, akamwomba asome naye, kwanza hiki, sasa hiki.

"Huyu mutoto ananidanganyaka," alimweleza. Mama mdogo kule, ambako tayari ilikuwa kesho, alisoma, akalia kidogo, akasema ndiyo, njo kile cha pili.

Mama akafuta kidole kwenye kitenge, akabonyeza mwenyewe. Alama ikaingia. Kisha simu ikafungua maandishi mapya, na mama akanigeukia nimwambie yanasemaje.

Yalikuwa yanauliza kama ana hakika. Ilibidi nimtafsirie na hilo.