Ng'ombe Walioletwa Kabla ya Mtihani

Uani siku ile tulikuwa watano: mimi; mdogo wangu wa kike wa darasa la tano; baba mdogo aliyetuchukua wazazi wetu walipofariki; mama jirani, mjane; na mzee mmoja wa upande wa Kishapu, aliyekuwa ametoa ng'ombe kumi na wawili ili mdogo wangu aje aolewe na mwanawe.

Baba mdogo alikuwa amemwahidi mzee huyo kwamba mtoto atamaliza la saba, atafeli, kisha ataolewa. Hakuwa na wasiwasi, maana mimi nilifeli kwa amri yake. "Jibu unalolijua usilisilibe kwa penseli," aliniambia asubuhi ya mtihani wangu. "Siliba la pembeni. Ukienda sekondari nani atamlea mdogo wako?" Nikasiliba la pembeni, swali baada ya swali. Hesabu zote nilikuwa nazijua. Tangu hapo naponda mawe ya dhahabu kwa nyundo.

Mchana ule mdogo wangu alifika wa mwisho, mbio, akitoka shule.

"Dada! Mwalimu mkuu katwambia sisi tunaishia la sita. Hakuna tena kufeli. Wote tunaenda sekondari, mpaka kidato cha nne!"

Mzee akaweka kikombe chini. "Umesikia, mkwe?"

"Serikali inasema mengi."

"Ukimtoa shule ni jela. Mimi jela siendi. Naomba ng'ombe wangu."

"Wawili nimeshauza."

"Basi nachukua kumi. Hao wawili utawazaa mwenyewe."

Akacheka. Kicheko kile baba mdogo alikimalizia kwa mtoto. Teke la kwanza lilimwangusha, la pili likampata mbavuni, nikasikia pumzi ikimtoka. Nilimlalia juu. Fimbo ya kuchungia ikavunjikia mgongoni mwangu, naye akaingia ndani akatoka na panga.

"Umemfundisha wewe!" alinifokea akinijia.

Mama jirani alikuwa karibu zaidi. Alinyoosha mkono tu, kama mtu anayezuia mlango. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilidondoka kwenye vumbi, na kuku wakavikimbilia. Niliokota nyundo yangu nikampiga baba mdogo gotini, nikarudia palepale hadi akaachia panga. Sijawahi kulijutia goti lile. Mzee alikuwa ameshaanza kuswaga ng'ombe wake.

Baba mdogo alihukumiwa kifungo. Mimi nikawa namlimia mama jirani shamba la mpunga, kwa kuwa jembe halimkai tena mkononi. Msimu wa pili alinisimamisha katikati ya mstari.

"Unalipa nini, ng'wanawane? Mwanangu, kulima nitaomba hata watu wengine."

"Nalipa mkono wako, mama."

"Mkono wangu utakuwa umeulipa huyu mtoto akimaliza kidato cha nne. Kabla ya hapo usiniambie umelipa."

Nilimaliza mstari ule hata hivyo. Mdogo wangu sasa yuko la sita.