Modemu Chini ya Kitambaa Changu

Sikumwonea wivu dada wa mume wangu kwa nyumba yake wala kwa masofa yake. Vyangu vinanitosha. Nilimwonea wivu kwa sababu umeme ukikatika kule Muyinga, intaneti ya kwake haikatiki, na binti yangu alikuwa analijua hilo.

Binti yangu anasoma uuguzi Dodoma. Sisi tuko Gitega, mtaa ambao simu ikiwa ndani ya nyumba hushika kwa kubahatisha, kwa hiyo tuliweka modemu ya waya sebuleni ili tumwone mtoto uso. Umeme nao una mambo yake, unaondoka unapojisikia na haumwambii mtu utarudi lini. Mara tatu mfululizo mwanangu aliganda kwenye kioo cha simu mdomo wazi, katikati ya sentensi. Baada ya hapo nikaanza kupata habari zake kutoka Muyinga. "Mtoto alikuwa na homa, ila ashapona." "Mtoto kafaulu mtihani." Mtoto! Mimba nimebeba mimi, habari zinapitia kwake.

Kwetu binti akipata mchumba hamwambii mama yake. Anamwambia masenge, yaani shangazi, dada wa baba, naye ndiye anayevaa vizuri, anakuja kwa wazazi na kukaa kwenye kiti cha mbele kuleta habari. Hata mimi nilifanya hivyo. Lakini siku binti yangu anaondoka, alinikumbatia kituoni akaninong'oneza, "Mama, mimi nitakwambia wewe kwanza. Masenge atasubiri." Hakuna kitu nilichowahi kupewa kikanifurahisha kama ahadi ile. Sasa nikaona itanipita kwa ajili ya umeme tu.

Nimuulize masenge amefanyaje? Afadhali nife. Nikangoja Idi. Tulikwenda Muyinga, na alipoingia jikoni kupakua pilau, nikanyemelea pembe ya sebule yake. Modemu ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau. Nilikijua, maana nilikifuma mimi nikampa alipohamia nyumba hiyo. Chini ya meza palikuwa na betri ya pikipiki, na waya uliopanda dirishani hadi kwenye paneli ndogo ya jua. Nikapiga picha haraka haraka. Kitambaa sikukiinua. Kwetu hakuna kifaa kinachokaa uchi, iwe redio, televisheni au chupa ya chai, na mgeni hafunui vya watu. Isitoshe, vitambaa ndivyo vinavyonilisha. Ningeanzaje kukivua changu mwenyewe?

Mume wangu aliniletea paneli kutoka Kobero, anakokwenda kila wiki kuchukua mchele. Betri niliipata sokoni. Nikaunga kama picha ilivyoonyesha, paneli kwenye betri, betri kwenye modemu, kisha nikafunika kwa kitambaa chenye maua makubwa kuliko yale ya Muyinga. Asubuhi taa za modemu ziliwaka vizuri. Jua la mchana lilipokaza, sebule ikaanza kunuka plastiki iliyoungua. Nilipokifunua kitambaa, modemu ilikuwa imekufa, na maua yangu yameingia doa la kahawia.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "We mama, wivu yako imeunguza mpaka modemu!" Nikamwambia acheke, ila chakula cha siku hiyo atajipikia.

Ikabidi nipige simu Muyinga. Nilisimama barabarani, ambako mtandao unashika, nikajikaza kisabuni nikamweleza masenge kila kitu.

"Ulifunga paneli direct?" akauliza. "Na regilateri?"

"Regilateri gani?"

"Ile kisanduku kidogo ya kupunguza nguvu ya jua. Kwangu iko chini ya kitambaa yako. Mi nilizania uliiona, si ulikuwa unapiga foto?"

Kumbe aliniona. Angenicheka, ningepumua. Hakucheka. Alisema, "Pole sana, dada. Ntakutumia ingine na basi ya kesho." Na kweli kikafika, kimeviringishwa ndani ya kanga mpya pamoja na karatasi aliyochora waya zote, upi uende wapi. Hapo ndipo nilipomchukia hasa. Mtu anakunyang'anya mtoto, halafu anakutumia kanga.

Lakini kilifanya kazi. Tulipata modemu nyingine, na wiki iliyofuata umeme uliondoka Jumatatu asubuhi ukakaa huko huko. Majirani wakawa wanazunguka kutafuta pa kuchaji simu. Kwangu intaneti haikuyumba. Nilihamishia kazi yangu ya kufuma sebuleni, simu mapajani, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye taa za modemu. Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Kila simu ilipolia nilidondosha uzi, na kila mara alikuwa mteja.

Alhamisi mchana alikuja masenge. Alishuka kwenye teksi amevaa vizuri, na nikampa kiti cha mbele kabla hajafungua mdomo, maana nilishajua. Kijana ni mfamasia huko Dodoma, alisema, na kwao ni Gashoho, watu wa heshima. Mume wangu alifurahi waziwazi. Mimi niliingia jikoni nikakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

Nilipomwekea masenge kikombe, simu ikalia. Uso wa binti yangu ulitokea safi, hata pini ya mtandio wake niliiona.

"Mama, masenge amefika?"

"Amefika."

"Nilikupigia wewe kwanza, mama. Tangu Jumatatu najaribu, haikushika hata mara moja. Ni umeme, eh?"

Nikatazama modemu. Taa nne za kijani, na hazikuwa zimezima tangu hiyo Jumatatu. Masenge naye alizitazama, kisha akainamia kikombe chake.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Ni umeme."