Muuza Mbegu wa Majengo Asiyekubali Kushindwa

Muuza mbegu wa soko la Majengo hawezi kubishana mikono ikiwa imetulia. Huchota mtama, huuchuja vidoleni, hupuliza makapi, ndipo hujibu. Kila Jumamosi Evodia, mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga, huja kumweleza kwamba hewa ukaa ya viwanda na magari ndiyo inayoipasha dunia joto. Mama huyo hucheka kwa sauti yake ya kukwaruza. "Mwanangu, ukame ulikuwepo kabla ya magari. Jua lina zamu zake."

"Zamu zipo, mama, ila joto la sasa limezipita."

Hapo mama humjaza karanga kiganjani, na ubishi huahirishwa hadi wiki ijayo.

Mwaka huu mvua za Desemba zilinyesha siku nne zikakatika. Evodia alimkuta akifunga kibanda mchana, anawahi shambani kwake kupanda upya. Akachungulia ndani ya mfuko wa mbegu wa mama: si mahindi ya kila mwaka, bali mtama unaokomaa upesi, uleule ambao Evodia amekuwa akimsihi aupande kila Jumamosi.

"Kumbe umekubali!"

"Nani kakubali?" Mama alimfuta vumbi shavuni kwa kidole gumba. "Wewe nitakubishia mpaka nizikwe. Mvua siibishii."